MASIKIO YAKO NA TELEFONI YAKO
Namna ya kupima programu inayopima makelele



Leo tutazungumza juu ya kitu ambacho karibu kila mumoja wetu anacho ndani ya mufuko wake: telefoni. Siku hizi telefoni si ya kuita ndugu na kutuma franka tu. Kuna programu zinazoipa telefoni kazi ya kupima. Moja inahesabu hatua za miguu, ingine inahesabu mapigo ya moyo, na ingine tena inapima makelele ya mahali pa kazi. Unaifungua, unainua telefoni, na namba inaonekana kwenye kioo: 79, 88, 94. Unafikiri kwamba fundi wa usalama amesimama karibu nawe na chombo chake mukononi.

Ni jambo la kufurahisha. Lakini fikiri kidogo. Namba inaweza kusema kweli, na inaweza kudanganya. Tena, hata namba inayosema kweli inaweza kumupoteza mutu, ikiwa mutu huyo hakuelewa inamwambia nini. Basi mbele ya kuiamini programu kama hiyo, inapashwa kuipima yenyewe. Na mutu wa kuipima si fundi wa telefoni peke yake. Ni wewe, mufanyakazi wa shimo, wa atelye, wa kamio na wa mashini ya kusaga mawe. Ukurasa huu unakuonyesha namna ya kufanya.

MASIKIO HAYAUZWI KWA MAGAZINI

Kwanza tujue sababu gani tunahangaika na makelele.

Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kilichojikunja kama nyumba ya konokono. Ndani yake muna maji, na muna chembe ndogo sana zenye nywele. Sauti ikiingia, maji yanatikisika, nywele zinainama, na chembe zinatuma habari kwenye ubongo. Makelele makubwa yanazilaza nywele hizo kama vile upepo mukali unavyolaza majani. Mara ya kwanza zinasimama tena. Ndiyo sababu ukitoka kazini masikio yanalia «nziii», na kesho yake asubuhi unaona umepona. Lakini zikilazwa kila siku, mwaka kwa mwaka, zinakufa. Na zikikufa, hazioti tena. Hakuna dawa ya kuziotesha, hakuna munganga wa kuzishona, na hakuna magazini inayoziuza.

Uharibifu huo haumi. Haupigi hodi. Unaanza na sauti nyembamba: sauti ya mutoto, sauti ya muke, herufi kama «s» na «f». Baba anasikia kwamba watu wanasema, lakini haelewi wanasema nini. Anaongeza redio mupaka majirani wanalalamika. Mutoto anamwita mara tatu, anakaa kimya. Mutoto anafikiri baba amekasirika, na anajifunza kutomwita tena. Na kule kazini, kamio inarudi nyuma, inapiga king'ora chake, na yeye hageuki. Mutu asiyesikia vizuri yuko katika hatari mara mbili: masikio yamekwisha kuumia, na mwili wote uko njiani kuumia.

MUPAKA NI WAPI?

Makelele yanapimwa kwa desibeli. NIOSH, ofisi ya serikali ya Marekani inayochunguza afya ya wafanyakazi, inaweka mupaka kwenye desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Sasa angalia vizuri, maana hapa watu wengi wanakosea: desibeli hazihesabiwi kama mihogo ndani ya kikapu. Ukiongeza desibeli 3 tu, nguvu ya makelele imekuwa mara mbili, na saa za kukaa pale bila kuziba masikio zinagawanywa kwa mbili:

— desibeli 85: saa 8
— desibeli 88: saa 4
— desibeli 91: saa 2
— desibeli 94: saa 1
— desibeli 97: dakika 30
— desibeli 100: dakika 15

Mashini ya kutoboa mawe inayotumia hewa inapita 100 mara nyingi. Sasa unaelewa sababu gani mutu wa kutoboa hawezi kusema «mimi nimezoea». Sikio halizoei. Sikio linakufa, na mutu anaita kifo hicho mazoea.

TELEFONI NAYO INAKOSEA

Mikro ya telefoni ilitengenezwa kwa sauti ya mutu anayezungumza, haikutengenezwa kwa mashini ya kusaga mawe. Telefoni hii na telefoni ile hazina mikro ya namna moja. Ingine imevaa ngozi inayofunika tundu lake. Ingine tundu limejaa vumbi la shaba.

Katika mwaka 2014 watafiti wawili wa NIOSH, Chucri Kardous na Peter Shaw, walitangaza kazi yao juu ya programu za namna hii. Walikusanya programu 192 za kupima sauti: 130 za telefoni za iPhone na 62 za Android. Zile zilizotimiza masharti ya kuingia katika mutihani wao zilikuwa 10 za iPhone na 4 tu za Android. Waliziweka ndani ya chumba cha kupimia, wakapiga sauti ya nguvu inayojulikana, wakalinganisha na chombo cha kweli. Katika zile 10 za iPhone, 4 tu zilibaki karibu na ukweli, pasipo kupotea zaidi ya desibeli 2. Kisha, katika mwaka 2017, NIOSH yenyewe ilitoa programu yake, nayo iliitengeneza kwa telefoni za iPhone tu, kwa kuwa telefoni za Android zinatoka kwa watengenezaji wengi na kila moja ina mikro yake.

Rudi sasa kwenye ile orodha ya saa. Programu ikipotea kwa desibeli 6, ikikuonyesha 85 pahali penye 91, utafikiri una saa 8, kumbe una saa 2. Kosa dogo kwenye kioo ni kosa kubwa kwenye sikio.

Kwa hiyo mutihani wa kwanza ni huu: weka telefoni karibu na chombo cha kweli cha idara ya usalama, mikro zote mbili zikielekea pahali pamoja, mbele ya mashini ile ile, kwa wakati ule ule. Andika namba za huku na za huku. Fanya hivyo pahali pa makelele kidogo, pa makelele ya katikati na pa makelele mengi. Telefoni ikishindwa hapo, kazi imekwisha, haifai kuendelea.

Lakini ikishinda, usipige makofi bado.

TAA ILIYOZIMIKA KULE MAREKANI

Tarehe 28 Machi 1979, karibu saa kumi ya alfajiri, mashini za umeme wa nyuklia za Three Mile Island, katika jimbo la Pennsylvania, zilipata matatizo. Mulango mumoja wa kupunguza nguvu ya mvuke ulifunguka, ukapashwa kufungika tena, lakini ulikwama wazi. Maji ya kupoza yakaendelea kutoka. Mbele ya wafanyakazi kulikuwa na taa ndogo ya mulango huo. Taa ikazimika. Wao wakafahamu: mulango umefungika.

Taa haikuharibika. Ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Lakini haikuwekwa kwa kusema «mulango umefungika». Iliwekwa kwa kusema «amri ya kufunga imetumwa». Kati ya amri kutumwa na mulango kufungika kulikuwa na shimo, na wafanyakazi wakaanguka ndani yake. Zaidi ya saa mbili zilipita mbele ya mutu kutambua na kufunga njia hiyo kwa mulango mwingine. Katika muda huo, sehemu kubwa ya moyo wa mashini iliyeyuka.

Tunakumbuka habari hiyo kwa sababu telefoni nayo ina taa kama hiyo. Tuseme umepima makelele ndani ya shimo pasipo rezo. Unafinya pa kutuma. Kioo kinaandika «Imetumwa». Je, kipimo kimefika kwa fundi wa usalama? Ao kimelala tu ndani ya telefoni yako, kikingojea rezo? Ukifikiri kimefika, hutakwenda kumwambia mutu. Na fundi akiona hakuna habari, atafikiri kwamba hakuna makelele. Kila mumoja anamungojea mwenzake, na masikio yanaendelea kufa.

MUFANO WA BWANA HARAKA

Tuchukue mufano. Bwana Haraka anatumika karibu na mashini ya kutoboa. Anatoa telefoni yake, anafungua programu. Kwenye kioo kuna namba tano. Moja kubwa katikati, ingine nne ndogo chini. Wakati ule ule mwenzake anasimamisha mashini kwa kubadilisha chuma cha kutobolea. Ile namba kubwa inashuka: 78. Bwana Haraka anacheka: «Munaona? Hata 85 haifiki!» Anatoa vizibo vya masikio, anavitia ndani ya mufuko.

Programu haikudanganya. Kwa dakika ile makelele yalikuwa 78 kweli. Lakini namba kubwa ilikuwa ya nukta ile tu. Namba ya wastani wa muda wote, ile inayolinganishwa na mupaka, ilikuwa chini katika herufi ndogo, na ilisema 98. Nani amekosa hapa? Watu wengi watasema: «Ni Bwana Haraka, hakufundishwa.» Sisi tunasema hivi: ikiwa watu watano wanasoma namba isiyopaswa, kosa si la watu watano, kosa ni la kioo. Namba inayookoa inapashwa kuwa kubwa, na ile isiyookoa iwe ndogo.

TUNAPIMA PROGRAMU, HATUPIMI MUTU

Shirika la ISO, linaloweka kanuni za vyombo katika dunia nzima, linasema katika kanuni yake namba 9241-11, iliyotoka mwaka 1998 na kurudiliwa mwaka 2018, kwamba chombo kinatumika vizuri ikiwa watu fulani, kwa kazi fulani, na mahali fulani, wanafikia shabaha yao, pasipo kupoteza nguvu na wakati bure, na wanaridhika. Shika maneno haya: watu fulani, kazi fulani, mahali fulani. Programu inayopendeza ndani ya ofisi yenye hewa baridi inaweza kuwa kitu bure ndani ya shimo la Kipushi, la Kamoto ao la Kinsenda. Kwa hiyo mutihani haufanyiwi ofisini.

Sasa, wakikuita kujaribu programu, jua kwamba haupimwi wewe. Hakuna alama mbaya kwako. Ukishindwa, umefanya kazi nzuri, maana umeonyesha shimo mbele ya mwenzako kuanguka ndani. Usione haya. Mutu anayeficha kushindwa kwake kwa kusema «ndiyo, nimeelewa» anaharibu mutihani wote.

Na wewe unayesimamia mutihani, sheria zako ni hizi. Usifundishe. Usionyeshe kwa kidole. Usimwambie mutu «hapana, finya pale». Mupe kazi, umuombe aseme kwa sauti yale anayofikiri, kisha ukae kimya na kuandika. Akikuuliza, umuulize naye: «Kama mimi sikuwa hapa, ungefanya nini?» Tena kapita wake asisimame nyuma yake, maana mukono unatetemeka mutu akiangaliwa na mukubwa wake. Na majina yasiandikwe. Andika tu «mutu wa kwanza», «mutu wa pili».

Kazi za kumupa zinaweza kuwa hizi tano:

1. Fungua programu, uanze kupima.
2. Pima kwa dakika tano, kisha uniambie wastani ni ngapi.
3. Niambie: hapa mutu anaweza kukaa muda gani pasipo kuziba masikio?
4. Weka kipimo hiki akiba. Kisha kitafute tena.
5. Tuma kipimo. Sasa niambie: kimefika ao hakijafika? Unajua namna gani?

Kwa kila kazi andika mambo matatu: kama ameimaliza peke yake, muda aliotumia, na makosa. Lakini makosa hayana uzito mumoja. Mutu akifinya pabaya, akarudi, akaendelea, hilo ni kosa la kupoteza wakati. Mutu akisema kwa uhakika «hapa hakuna hatari» pahali penye hatari, hilo ni kosa la kupoteza sikio. Kosa la namna ya pili, hata likitokea mara moja tu, linasimamisha programu mupaka itengenezwe. Mutu anayesema «sielewi» ataenda kuuliza. Mutu anayefikiri ameelewa, kumbe hakuelewa, hatauliza mutu yeyote.

WATU WANGAPI?

Usifikiri kwamba inaomba watu mia. Katika mwaka 1993 Jakob Nielsen na Thomas Landauer walichunguza mitihani mingi ya namna hii. Hesabu yao inaonyesha kwamba watu watano wa kwanza wanaweza kufunua karibu 85 katika 100 ya matatizo yote. Mutu wa sita na wa saba wanarudilia mengi ya yale yaliyokwisha kuonekana. Kwa hiyo ni vizuri kupima na watu watano, kutengeneza, kisha kupima tena na wengine watano, kuliko kupima na kumi na tano mara moja pasipo kutengeneza kitu.

Lakini angalia: watano hao wawe wa namna moja. Ikiwa programu itatumiwa na watu wa shimo, na wa atelye, na wa kamio, chagua watu katika kila kundi. Na usichague vijana wanaojua telefoni tu. Mweke muzee aliyebakiza mwaka mumoja kwa kustaafu. Mweke yule anayesoma Kiswahili lakini Kifaransa kinamusumbua. Mweke yule ambaye macho yake hayatenganishi rangi nyekundu na kijani. Watu kama hao wako katikati yetu, na wengine hawajijui. Ikiwa alama ya hatari ni rangi tu pasipo neno wala picha, huyo hataiona.

MASWALI KUMI

Kisha mutihani, muulize mutu ameonaje. Katika mwaka 1986 John Brooke, aliyetumika Uingereza katika kampuni ya kompyuta ya Digital, alitunga karatasi ya maneno kumi ambayo inatumiwa mupaka leo katika dunia nzima. Mutu anajibu kila neno kwa namba kuanzia 1 (sikubali hata kidogo) mupaka 5 (ninakubali kabisa). Maneno ya 1, 3, 5, 7 na 9 yanasifu: kwa mufano, kwamba chombo ni chepesi kukitumia. Maneno ya 2, 4, 6, 8 na 10 yanalaumu: kwa mufano, kwamba inaomba kusaidiwa na fundi.

Hesabu ni nyepesi. Katika maneno ya kusifu, toa 1 kwenye jibu. Katika maneno ya kulaumu, chukua 5 na utoe jibu. Jumlisha yote, kisha zidisha kwa 2 na nusu. Tuseme mutu amejibu 4, 4, 4, 4, 3 kwenye ya kusifu. Inakuwa 3+3+3+3+2, ni 14. Kwenye ya kulaumu amejibu 2, 3, 2, 2, 3. Inakuwa 3+2+3+3+2, ni 13. Jumla 27. Mara 2 na nusu, ni 67 na nusu. Alama ya juu ni 100, na wastani wa vyombo vingi vilivyopimwa ni karibu 68. Basi chombo hiki ni cha katikati tu.

Lakini usisahau: mutu anaweza kupenda chombo kinachomudanganya. Bwana Haraka angeweza kuipa programu yake 90, kwa sababu ilimwambia yale aliyotaka kusikia. Alama za maswali kumi hazifuti kosa la kupoteza sikio.

MAMBO YA MAHALI PETU

Kuna maswali ambayo watengenezaji wa telefoni hawajiulizi, lakini sisi tunapashwa kuuliza:

Mikono. Je, unaweza kufinya ukiwa na mifuko ya ngozi mikononi? Ikiwa inaomba kuivua kila mara, watu hawataivaa tena, na tumeleta hatari mupya kwa kufukuza ya zamani.

Mwangaza. Je, kioo kinasomeka juani, kwenye shimo la wazi, saa sita ya muchana? Na chini, katika mwangaza wa taa ya kofia?

Lugha. Je, neno «hatari» limeandikwa katika lugha ambayo mutu anaitumia akishituka?

Batri. Zamu ikiisha, telefoni ingali na nguvu ya kuita musaada? Programu inayomaliza batri imekunyanganya kitu cha kukuokoa.

Mega. Vipimo vinatumwa kwa mega za nani? Ikiwa ni za mufanyakazi, ziko ngapi kwa mwezi? Mutu akiona vocha yake inaisha upesi, atafuta programu pasipo kumwambia mutu, na atakuwa na haki. Jambo hili lipangwe mbele ya kuanza.

Siri. Programu inatumia mikro. Je, inaweka namba tu, ao inaweka pia maneno ya watu? Nani anayasoma? Swali hili si la uasi. Mufanyakazi asiyeamini chombo atakifunika kwa kidole, na vipimo vyote vitakuwa uongo.

Kodi ya Kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaomba makampuni yawe na komite ya usalama na usafi wa mahali pa kazi. Wajumbe wenu wako pale. Wapeleke maswali haya kule, na walete majibu yaliyoandikwa.

USIFANYE HIVI

Usitoe vizibo vya masikio kwa kusikiliza kama programu inasema kweli. Telefoni ndiyo inayopima. Wewe unabaki umeziba masikio.

Usiangalie kioo ukitembea, ukiendesha kamio ao ukiwa karibu na mukanda wa kubeba mawe. Simama pahali pa salama, kisha uangalie.

Usilete telefoni pahali palipokatazwa. Mawimbi ya telefoni na fataki zinazowashwa kwa umeme si marafiki. Katazo la watu wa kupasua mawe linapita mutihani wowote.

Usitumie namba ya telefoni kwa kukataa kizibo, wala kwa kumukatalia mwenzako kizibo. Telefoni inaweza kukuambia «nenda ukaite fundi mwenye chombo cha kweli». Haina ruhusa ya kukuambia «hakuna neno».

NA KWENU WAMAMA

Kuna kipimo kimoja kisichohitaji batri wala mega. Simama na mutu kwa urefu wa mukono. Ikiwa inapashwa kupandisha sauti ili asikie, makelele ya pale yamefika karibu desibeli 85 ao yamepita. Wanaume wakumbuke kipimo hicho kazini. Lakini na ninyi munacho nyumbani: ikiwa baba anaongeza redio kila mwezi, ikiwa anajibu mambo ambayo hamukuuliza, ikiwa anasema kwamba watoto wa siku hizi wanamung'unya maneno, musimucheke na musimukasirikie. Mwambieni aende hopitali wamupime masikio. Yeye ni mutu wa mwisho kujua. Ninyi ni watu wa kwanza.

Wafanyakazi wapenzi, telefoni ni mutumishi muzuri ikiwa imepimwa, na ni shahidi wa uongo ikiwa haikupimwa. Wakileta programu mupya, iwe ya makelele, ya vumbi, ya hewa ao ya joto, musiikatae kwa sababu ni mupya, na musiikubali kwa sababu inangaa. Ulizeni mambo matatu: Namba ni ya kweli? Mutu wa shimo anaielewa namna inavyopaswa? Habari inafika kwa mutu mwenye uwezo wa kutengeneza? Ikiwa majibu yote matatu ni ndiyo, itumieni. Ikiwa moja ni hapana, semeni kwa sauti, wakati wenzenu wangali wanawasikia.